Wakili na Hesabu ya Mafuta



Katika Injili ya Luka, sura ya kumi na sita, tunasimuliwa habari za wakili mmoja aliyesimamia mali ya tajiri. Fununu zilimfikia tajiri kwamba mali yake inatapanywa, naye akamwita wakili wake na kumtaka alete hesabu. Wakili alijua kuwa hesabu hiyo haitamwokoa. Basi akawaita wadeni wa bwana wake mmoja mmoja. Yule aliyekuwa na deni la vipimo mia vya mafuta akaruhusiwa kuandika hamsini, na yule wa vipimo mia vya ngano akaruhusiwa kuandika themanini. Mafuta yenyewe hayakupungua hata tone moja. Kilichopungua ni tarakimu katika hati.

Wahubiri wengi hupata taabu na mfano huu, kwa sababu mwishoni bwana anamsifu wakili yule kwa werevu wake. Hatutajaribu leo kulifumbua fumbo hilo. Wametangulia wenye elimu kutuzidi, na bado hawajapatana. Tunalotaka kulishika ni jambo moja dogo, nalo ni kwamba hesabu yaweza kuandikwa vizuri, kwa wino safi, mbele ya mashahidi, na bado isiwe hesabu. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema kweli, ila yatupasa kuongeza kwamba mali yaweza kupotea hata ndani ya daftari lenyewe.

Hesabu tunayokusudia kuitazama leo ni ile ambayo makampuni makubwa ya dunia huitoa kila mwaka juu ya juhudi zao za kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Huenda msikilizaji akauliza, habari hizo za Paris na London zina uhusiano gani na Jumapili ya mkulima wa Rufiji au ya mfugaji wa Isiolo? Tunamwomba avumilie kidogo, maana njia itokayo katika vitabu hivyo hadi shambani kwake si ndefu kama inavyodhaniwa.

Hapo zamani kampuni ilidaiwa hesabu ya aina moja tu, yaani ya fedha. Mwaka 2000 likaanzishwa mjini London shirika liitwalo CDP, ambalo liliyataka makampuni yaeleze hadharani ni kiasi gani cha gesi joto yanachotoa. Mwaka 2001 taasisi mbili za kimataifa, moja ya rasilimali za dunia na nyingine ya wafanyabiashara wakubwa, zikatoa mwongozo wa namna ya kuzihesabu gesi hizo. Mwongozo huo uliigawa hesabu katika mafungu matatu, na mpaka leo karibu kila kampuni kubwa huyafuata. Mafungu hayo si magumu kuyaelewa.

Tumchukue mfanyabiashara wa mafuta ya taa katika mji mdogo. Analo gari la kubebea mapipa. Moshi wa gari hilo ni fungu la kwanza. Duka lake lina taa na pampu ziendeshwazo kwa umeme. Moshi wa mtambo uliofua umeme huo ni fungu la pili. Lakini mafuta aliyoyauza yanawaka katika vibatari na majiko ya nyumba mia tano, na moshi wa vibatari na majiko hayo yote umo katika fungu la tatu. Sasa mfanyabiashara huyu akisimama siku ya gulio na kutangaza kwamba amepunguza moshi kwa nusu, kwa kuwa amenunua gari jipya, atakuwa amesema kweli. Lakini kweli yake inahusu gari peke yake. Biashara yenyewe, ile inayomlisha na kumvika, haikutajwa.

Mwongozo wa 2001 uliyafanya mafungu mawili ya kwanza kuwa ya lazima, na la tatu ukaliacha liwe la hiari. Twaelewa sababu: ni vigumu kuhesabu moshi wa nyumba za watu wengine. Hata hivyo, kwa kampuni ya mafuta fungu hilo la hiari aghalabu hupita asilimia 80 ya hesabu nzima. Ni kama kumwambia wakili alete hesabu ya ufagio na kufuli, na ya ghala akipenda.

Tuitazame kampuni moja ambayo vituo vyake vya mafuta twavijua katika miji yetu. Mwezi wa Mei 2021 kampuni ya Kifaransa iliyoitwa Total ilibadili jina na kuwa TotalEnergies, ili ijulikane kwamba haitegemei tena mafuta peke yake, bali nishati za namna nyingi. Pamoja na jina hilo yakaja matangazo yaliyosema kwamba inakusudia kufikia sifuri ya kaboni ifikapo mwaka 2050, maana yake kile inachokitoa hewani kilingane na kile kinachoondolewa. Katika taarifa zake za miaka ya karibuni, gesi itokayo katika mitambo inayoiendesha yenyewe ni kama tani milioni 35 kwa mwaka. Gesi itokayo kwa wateja wanaochoma bidhaa zake ni kama tani milioni 350.

Hatuna budi kuwa waadilifu hapa. Kampuni hii haikuzificha tarakimu hizo. Zimo katika taarifa zake, na kila awezaye kusoma majedwali atazipata. Tena katika mitambo yake yenyewe imepunguza kweli, kwa sababu mwaka 2015 ilikuwa na tani milioni 46. Lakini ndugu wapendwa, tazameni lengo ililojiwekea kwa lile fungu kubwa: kutovuka tani milioni 400 ifikapo mwaka 2030. Mwaka 2015 zilikuwa milioni 410. Basi lile jambo kubwa liliahidiwa kubaki karibu pale pale lilipokuwa, na lile dogo likapewa picha nzuri za vinu vya upepo.

Mwaka 2022 mashirika matatu ya Ufaransa yaliipeleka kampuni hiyo mahakamani, na tarehe 23 Oktoba 2025 mahakama ya Paris ikatoa hukumu. Haikukubali kila dai. Madai juu ya yale ambayo kampuni ilisema kuhusu gesi asilia na nishati ya mimea yalikataliwa. Lakini juu ya yale matangazo kwamba kampuni inaelekea sifuri ya kaboni na kwamba ni mshiriki mkubwa katika mageuzi ya nishati, mahakama ilisema yaliwapotosha wanunuzi, kwa kuwa wakati huo huo kampuni iliendelea kuongeza uchimbaji wa mafuta na gesi. Kampuni ikaamriwa iyaondoe maneno hayo katika muda wa mwezi mmoja.

Si jambo dogo kwa mahakama kupima neno la tangazo kwa jedwali la hesabu. Mahakama ya Amsterdam ilifanya vivyo hivyo mwezi wa Machi 2024, iliposema kwamba shirika la ndege la KLM liliwapotosha abiria kwa matangazo yaliyowafanya waamini kuwa kuruka kwao ni jambo jema kwa mazingira.

Sasa tushuke hadi nyumbani. Kampuni hiyo hiyo ya TotalEnergies ndiyo yenye asilimia 62 ya hisa za bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, nchini Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilometa 1,443, na sehemu kubwa kabisa ya urefu huo, kilometa 1,147, imo ndani ya Tanzania. Mafuta ya Uganda ni mazito, huganda yakipoa, kwa hiyo bomba lazima lipashwe joto njia nzima. Tathmini ya mazingira ya bomba hilo ilihesabu gesi joto ya kulijenga na kuliendesha. Mwaka 2022 mtafiti Richard Heede, ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi ya kuhesabu kaboni ya makampuni ya mafuta, alikadiria jumla yote, pamoja na kuyasafirisha, kuyasafisha na kuyachoma mafuta yatakayopita humo kwa miaka 25. Alipata tani milioni 379. Yale yaliyokuwa yamehesabiwa katika tathmini yalikuwa chini ya asilimia 2 ya jumla hiyo.

Hatuzungumzi leo juu ya swali kama bomba hilo lijengwe au lisijengwe. Serikali za Uganda na Tanzania zina hisa humo, na watu wake wana haki ya kutaka shule na barabara ambazo mataifa tajiri yalijijengea kwa makaa na mafuta bila kumwomba mtu ruhusa. Anayewahubiria watu wa Tanga habari za moshi huku nyumba yake huko Ulaya imepashwa joto kwa gesi, na ajitazame kwanza. Swali letu ni la uwakili: je, hesabu iliyowekwa mezani ilikuwa nzima? Maana mtu aweza kukubali deni kubwa kwa hiari, akijua ukubwa wake. Hawezi kulikubali kwa haki ikiwa karatasi aliyoonyeshwa ina sehemu mbili kati ya mia.

Ipo namna nyingine ya kupunguza tarakimu bila kupunguza kitu, nayo imekuwa maarufu sana. Badala ya kusema tutatoa tani ngapi, kampuni husema tutapunguza gesi kwa kila pipa, au kwa kila kipimo cha nishati tuuzacho. Mlevi mmoja akiahidi mbele ya mkewe kwamba ataongeza maji katika kila kikombe cha pombe, mke atafurahi. Lakini bwana huyo akiongeza na vikombe, atarudi nyumbani amelewa vile vile, na ahadi yake atakuwa ameitimiza.

Na ipo ya ahadi yenyewe kurudishwa nyuma polepole. Kampuni ya BP ya Uingereza mwaka 2000 ilijipa alama mpya ya jua la kijani na manjano, na ikaeneza msemo kwamba inakwenda mbele kupita mafuta. Mwezi wa Agosti 2020 ilitoa ahadi nzito kuliko kampuni yoyote ya ukubwa wake: kwamba ifikapo 2030 itakuwa imepunguza uchimbaji wake wa mafuta na gesi kwa asilimia 40, ikilinganishwa na mwaka 2019. Watu walishangilia, na tunadhani walikuwa na sababu, kwa kuwa hapa ndipo ghala lenyewe lilipoguswa. Mwezi wa Februari 2023 asilimia 40 zikawa 25. Mwezi wa Februari 2025 ahadi ikaachwa kabisa, fedha za nishati safi zikapunguzwa kwa zaidi ya dola bilioni 5 kwa mwaka, na za mafuta na gesi zikaongezwa kufikia dola bilioni 10 hivi kwa mwaka. Wanahisa walikuwa wamelalamika kwamba faida ya wengine ni nono zaidi. Mwaka 2030 bado haujafika, na deni limekwisha kuandikwa upya mara mbili.

Mabenki nayo yalikuwa na muungano wao wa kuelekea sifuri, ulioanzishwa mwaka 2021 chini ya mwavuli wa Umoja wa Mataifa. Makubwa ya Marekani yalianza kujitoa mwishoni mwa 2024, na mwezi wa Oktoba 2025 muungano huo ulifunga shughuli zake. Hatuna la kuongeza juu ya hilo.

Tunafika sasa kwenye jambo linalowahusu moja kwa moja wasikilizaji wetu wa vijijini, nalo ni vyeti vya kaboni. Kampuni isiyoweza au isiyotaka kupunguza moshi wake hununua cheti kinachosema kwamba mahali fulani duniani tani moja ya kaboni imezuiwa isiende hewani, kwa kuwa msitu haukukatwa au malisho yametunzwa. Kisha katika kitabu chake huitoa tani hiyo kutoka jumla yake. Mahali hapo fulani, wapendwa, aghalabu ni hapa kwetu.

Kusini mwa ziwa Kariba, nchini Zimbabwe, ulianzishwa mwaka 2011 mradi mkubwa wa kulinda misitu, na vyeti vyake viliuzwa kupitia kampuni ya South Pole ya Uswisi. Gucci na Volkswagen walikuwa miongoni mwa wanunuzi. Hesabu ya mradi wa aina hii hutegemea makisio: bila mradi, miti mingapi ingekatwa? Ukikisia mingi, unapata vyeti vingi vya kuuza. Ilipokuja kuonekana kwamba miti iliyokisiwa kukatwa ilizidi sana ile ambayo kwa hakika ingekatwa, South Pole ilijitoa katika mradi huo mwezi wa Oktoba 2023. Vyeti vilikuwa vimekwisha kununuliwa na kuandikwa vitabuni, na moshi wa wanunuzi ulikuwa umekwisha kupanda juu.

Kaskazini mwa Kenya uliundwa mradi mwingine, katika eneo la hekta karibu milioni 2 za malisho ya Waborana, Wasamburu, Warendile na wenzao. Ulidai kuhifadhi kaboni katika udongo kwa kupanga upya namna ya kuchunga. Netflix na Meta, kampuni ya Facebook, zilinunua vyeti vyake. Wafugaji wengi wakauliza ni nani aliyewaomba ruhusa. Mwezi wa Januari 2025 mahakama ya Kenya ikaamua kwamba hifadhi mbili, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Fikirini basi umbali wake: mtu huko California anatazama filamu usiku, kampuni inayomwonyesha filamu hiyo inaandika katika taarifa yake kwamba imefidia moshi wake, na fidia hiyo ni nyasi ya ng'ombe wa mzee ambaye hakuulizwa.

Haifai tuseme kwamba kila biashara ya kaboni ni udanganyifu. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, wamekuwa na mradi wao kwa zaidi ya miaka kumi. Ardhi waliipimiwa kwanza, hati wakapewa, kisha ndipo kaboni ikauzwa, na mapato yamelipia walinzi wa msitu, matibabu na ada za shule. Katika vijiji vya wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, fedha za namna hiyo zimejenga madarasa na zahanati. Mpangilio ule wa Yaeda ndio tunaousisitiza: ardhi kwanza, hati kwanza, cheti baadaye.

Baada ya kusema hayo yote, ni haki tuwataje pia waliotoa hesabu iliyowaumiza. Mwaka 2020 kampuni ya Microsoft iliahidi kwamba ifikapo 2030 itakuwa inaondoa kaboni nyingi kuliko inayoitoa. Mwaka 2024 taarifa yake yenyewe ilisema kwamba gesi yake imepanda kwa asilimia 29 tangu ahadi ile. Mwaka huo huo Google ilitangaza ongezeko la asilimia 48 tangu 2019, hadi tani milioni 14.3 kwa mwaka, na ikaeleza sababu: majengo makubwa ya kompyuta, yenye njaa ya umeme, ambayo akili bandia imeyaongezea njaa hiyo. Magazeti yaliwacheka. Sisi tunasema waliocheka hawakufikiri. Taarifa inayosema tumeshindwa, kwa kiasi hiki, kwa sababu hii, ina thamani kubwa kuliko taarifa kumi zenye picha za watoto wanaopanda miti. Mtoto anayekuja kusema amevunja mtungi, akapigwa, safari nyingine atauficha uvunguni. Tayari yapo makampuni ambayo yameamua kunyamaza kabisa, yasiseme jema wala baya, ili yasije yakashtakiwa.

Tumtaje pia mtu mmoja, kwa kuwa hesabu hazijiandiki. Desiree Fixler alikuwa mkuu wa masuala ya uendelevu katika kampuni ya uwekezaji ya DWS, iliyo chini ya Deutsche Bank ya Ujerumani. Aliwaambia wakubwa wake kwamba fedha zinazodaiwa kuwekezwa kwa kuzingatia mazingira ni nyingi mno katika maandishi kuliko katika ukweli. Mwezi wa Machi 2021 aliachishwa kazi. Alisema hadharani. Mwaka 2022 polisi waliingia katika ofisi za kampuni hiyo huko Frankfurt; mwaka 2023 ikalipa dola milioni 19 kwa mamlaka ya Marekani, na mwaka 2025 euro milioni 25 huko Ujerumani. Karani wa ushirika anayetusikiliza, ambaye ameombwa kutia sahihi mizani asiyoiamini, atamwelewa mama huyu kuliko sisi tunavyomwelewa.

Je, sheria haziwezi kulimaliza jambo hili? Zimejaribu. Mwaka 2022 jopo la Umoja wa Mataifa likiongozwa na Catherine McKenna, aliyekuwa waziri wa mazingira wa Kanada, lilisema wazi huko Sharm el-Sheikh kwamba hakuna kampuni iwezayo kudai inaelekea sifuri huku ikijenga machimbo mapya ya mafuta, wala kutumia vyeti vya bei rahisi badala ya kupunguza moshi wake. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka huo huo sheria ya kuyalazimisha makampuni kwa maelfu kutoa hesabu yenye kukaguliwa. Mwaka 2025 ukaanza kuilegeza na kuahirisha tarehe zake, kwa hoja kwamba mzigo wa makaratasi umezidi. Huko Marekani tume inayosimamia masoko ya hisa ilitoa kanuni yake mwezi wa Machi 2024, na mwaka mmoja baadaye ikaacha kuitetea mahakamani. Kwetu Afrika Mashariki wahasibu wa Kenya wameweka ratiba ya kuanza kutumia kanuni mpya za kimataifa, zile zilizotolewa mwaka 2023. Ni jambo la kushangaza kidogo, na la kutia moyo, kwamba mwanafunzi anaanza kufungua daftari wakati mwalimu anafunga lake.

Wakati hayo yakiandikwa na kufutwa, mvua haikusubiri. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Mizoga ya ng'ombe ilipangana kando ya barabara. Kisha maji yakaja kwa wingi yasikotakiwa. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu wa Tanzania aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekwisha kufa kwa mafuriko na maporomoko ya msimu ule. Mashamba ya Rufiji yalilala chini ya maji kwa majuma. Mama aliyepoteza mpunga wake pale hana kitabu cha taarifa ya mwaka. Lakini hasara yake ni sehemu ya hesabu ambayo mtu mwingine aliandika hamsini mahali palipokuwa na mia.

Pengine msikilizaji atasema, sisi ni wadogo, hatuna hisa Paris. Ni kweli kwa wengi wetu. Ila si kwa wote. Ipo mifuko ya pensheni, zipo parokia na dayosisi zenye akiba benki, vipo vyama vya akiba na mikopo, vipo vyama vya ushirika vinavyouza kahawa kwa makampuni ambayo hutaja mashamba yetu katika vitabu vyao. Katika mkutano mkuu wa mwaka, mjumbe ana haki ya kuinua mkono. Maswali hayahitaji shahada ya chuo kikuu. Jumla ya tani ni ngapi, mafungu yote matatu? Mwaka jana zilikuwa ngapi? Nani amekagua, na nani aliyemlipa? Mkijibiwa kwa asilimia, ombeni tani. Mkijibiwa kwa habari za mwaka 2050, ulizeni habari za mwaka ujao, kwa sababu wengi wa watiao sahihi ahadi za 2050 watakuwa wamestaafu.

Na katika vijiji ambako wajumbe wa biashara ya kaboni wanatembea sasa na mikataba mifukoni, mikataba mingine ya miaka thelathini na zaidi, tunawaomba wazee wa vijiji na makatekista wawe na subira. Mkataba usomwe kwa sauti katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili, mara mbili, kwa siku mbili tofauti, akina mama wakiwapo na vijana wachungaji wakiwa wamerudi kutoka malishoni. Aulizwe mgeni ni kampuni gani itakayonunua vyeti, kwa bei gani, na sehemu ya kijiji ni ipi. Kisha aulizwe swali la mwisho kabla wino haujatolewa: kampuni hiyo itaandika nini katika kitabu chake mwaka huo? Akisema hajui, apewe chai, na aombwe arudi siku atakapokuwa anajua.